Konsoli na kompyuta sasa ni ndugu wa tumbo moja, kwa nini gemu niliyonunua haivuki? Wana Mbeya, Iringa na Njombe tujadili

Fundi Padi, Mwanjelwa

Wakuu, habari za mvua. Nina kibanda cha gemu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na pembeni natengeneza padi, zile za mkononi za kuchezea. Nilianza na PS2 mbili zilizochipiwa na TV za chogo. Leo nina PS4 tatu, PS5 moja na kompyuta moja ambayo nitaieleza huko mbele. Kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima, naomba tulizungumze kwa kina.

Jumamosi iliyopita, kwenye saa kumi na mbili jioni, mvua imekata ila mitaro bado inashusha maji, akaingia kijana wa chuo na begi mgongoni. Akatoa laptop yake ya gemu, akatoa na padi ya PS4 aliyoiviringisha kwenye soksi isikwaruzwe, akachomeka waya. Akaniomba Wi-Fi. Ana kaka yake Iringa, hawajaonana tangu Krismasi, wamepanga mechi ya FC 24, ile gemu ya mpira ya EA iliyokuwa ikiitwa FIFA. Kaka ana PS4 na CD yake halali. Mdogo amenunua ya kwake kwenye laptop kwa pesa aliyopata likizo akivuna viazi Isyonje. Kaka yuko hewani, spika imewashwa, nami nasikia kila kitu.

"Nimekutumia mwaliko."

"Hakuna kitu hapa."

"Basi tuma wewe."

"Dogo, nimetuma mara tatu."

Nilishajua tatizo liko wapi. FC 24 inaruhusu watu wa mashine tofauti kukutana, lakini kwa makundi mawili. PS5, Xbox Series na kompyuta ni kundi moja. PS4 na Xbox One wana kundi lao. Kati ya kundi na kundi hakuna daraja. Utaratibu huo ulianza na FIFA 23 mwaka 2022. Kwa hiyo yule kijana kashika padi ya PS4 mkononi, kanunua gemu yenye jina lilelile, ya kampuni ileile, ya mwaka uleule, na kwa kaka yake wa damu hafiki.

Nikamweka kwenye PS4 yangu moja, wakacheza mechi mbili. Timu yake aliyoijenga miezi mitano ilibaki kwenye laptop. Wakati anakunja waya akaniuliza: "Fundi, hivi hizi mashine si kitu kimoja tu ndani?"

Ndugu zangu, ni kitu kimoja. Zamani haikuwa hivyo. PS2 ilikuwa na prosesa yake ya kipekee waliyoibuni Sony na Toshiba. PS3 ya mwaka 2006 ilikuwa na Cell, ya Sony, Toshiba na IBM, na watengeneza gemu waliteseka nayo kweli. Xbox 360 nayo ilikuwa na chipu ya IBM ya aina ya PowerPC. Enzi hizo ukisema konsoli na kompyuta ziunganishwe, fundi anakuona hujui unachosema.

Halafu Novemba 2013 zikatoka PS4 na Xbox One, zote mbili na prosesa za AMD za aina ileile iliyo kwenye kompyuta zetu, x86. PS5 na Xbox Series za Novemba 2020 zikafuata njia hiyohiyo: prosesa ya AMD Zen 2, picha za RDNA 2. Hata Steam Deck ya mwaka 2022, ambayo ni kompyuta ya kushika mkononi, ndani yake mna Zen 2 na RDNA 2, ila ndogo. Mimi nimezifungua PS4 nyingi kubadilisha dawa ya joto na feni. Ukiitazama bodi yake huoni kitu cha ajabu kwa mtu aliyezoea laptop.

Xbox ya kwanza kabisa, mwaka 2001, ilikuwa na prosesa ya Intel ya ukoo wa Pentium III na chipu ya picha ya Nvidia. Hata jina lake limetoka kwenye DirectX, programu ya Microsoft ya gemu za Windows. Wazo la kuifanya konsoli kuwa kompyuta ya sebuleni lina miaka zaidi ya ishirini.

Hoja yangu ni moja. Mashine zimeshaungana. Kinachotutenga ni duka na akaunti. Kwa hiyo tunachotakiwa kudai ni gemu kumfuata mtu aliyeilipia. Nawakaribisha.


Mnyalukolo wa Kihesa

Kamwene wakuu. Mkuu Fundi, nimesoma neno kwa neno, na huyo kaka wa Iringa naweza kuwa namfahamu maana nami nina kibanda Kihesa na wanachuo wa Mkwawa ndio wateja wangu.

Swali langu ni la kawaida kabisa. Kama ndani ni chipu moja, kwa nini nisichukue CD ya PS5 nikaitumbukiza kwenye kompyuta yenye sehemu ya CD ikacheza? Kinachoizuia ni ufundi au ni ubahili?


Fundi Padi, Mwanjelwa

Kaka wa Kihesa, kamwene. Swali zuri. Ni vyote viwili, na ufundi si mdogo, tuutendee haki.

Kwanza, CD yenyewe imefungwa kwa ufunguo ambao PS5 pekee inao. Huo ni uamuzi wa kibiashara. Lakini hata ukifungua hapo, prosesa kufanana hakutoshi. Gemu haiongei na chipu moja kwa moja, inapitia mfumo endeshi na lugha ya kuamrisha kadi ya picha. PlayStation ina lugha yake ya Sony. Xbox na Windows zinatumia Direct3D 12. Linux, mfumo endeshi mwingine wa kompyuta, inatumia Vulkan. Ni kama mafundi watatu wa ukoo mmoja, wote wanajua kujenga, ila mmoja anaelewa Kinyakyusa tu, mwingine Kihehe, mwingine Kikinga. Ramani ya nyumba ni ileile, mpaka umpate mkalimani.

Pili ni kumbukumbu. PS5 ina GB 16 ambazo prosesa na picha wanakula sahani moja. Kwenye kompyuta RAM iko upande wake na kadi ya picha ina kumbukumbu yake, mzigo unahamishwa huku na huku. Gemu iliyoandikwa kwa sahani moja inabidi ipangwe upya.

Tatu, na hili nimeliona kwa macho yangu, ni programu ndogondogo za kuchora, zile zinazoamua mwanga, kivuli, maji. Kwenye konsoli mtengenezaji anajua kadi ni moja tu, kwa hiyo anazipika kiwandani na kukuletea zikiwa tayari. Kwenye kompyuta kadi ziko za kila namna, hivyo zinapikwa kwako, kwenye mashine yako. Ndiyo maana ukifungua gemu mpya kwenye kompyuta unaona mstari unatambaa dakika kumi kabla ya kuanza, au gemu inakwamakwama kila ukifika sehemu mpya. Mteja wa kibandani aliyelipa Sh 500 ya mechi hawezi kukuelewa unapomwambia subiri inapika.

Kwa hiyo kazi ipo. Ila ni kazi inayofanyika, na wenyewe wanaifanya. Sony walipeleka Horizon Zero Dawn kwenye kompyuta mwaka 2020, God of War mwaka 2022. Microsoft wamepeleka Forza Horizon 5 kwenye PS5 mwaka 2025, jambo ambalo miaka kumi nyuma mtu angekuapia halitatokea.


Mwanachuo Iyunga

Habari wakuu. Shikamoo kaka Fundi, mimi ni jirani wa huyo kijana hosteli, ameniambia habari yote.

Naongezea kwenye mkalimani. Huyo mkalimani yupo tayari na anafanya kazi. Agosti 2018 Valve, wenye Steam, duka la gemu za kompyuta, walitoa Proton. Kazi yake ni kuchukua gemu ya Windows na kuitafsiri ili icheze kwenye Linux: amri za Direct3D zinageuzwa kuwa za Vulkan papo hapo gemu ikiwa inakwenda. Steam Deck nzima inategemea hilo. Valve walishajaribu mwaka 2015 na mashine za sebuleni zinaitwa Steam Machine, zikakosa wanunuzi kwa sababu gemu za Linux zilikuwa chache. Proton ilipokomaa wamerudi, Novemba 2025 wametangaza Steam Machine nyingine. Ukitaka kuona konsoli na kompyuta vikiwa kitu kimoja, tazama huko.

Ila nataka watu wasidanganyike na majina. Oktoba 2025 ilitoka mashine ya mkononi ya ASUS yenye jina la Xbox, ROG Xbox Ally. Jina ni Xbox, kitufe cha Xbox kipo, lakini ndani ni Windows 11. Gemu ya Xbox uliyonunua kwenye konsoli haifunguki humo moja kwa moja, mpaka iwe kwenye mpango wa Xbox Play Anywhere au uicheze kwa kuvuta picha kupitia intaneti. Na intaneti ya kuvuta gemu nzima kama video, kwa bando letu, sote tunajua.

Huo mpango wa Play Anywhere wenyewe ndio mfano mzuri kuliko yote niliyoona. Umeanza mwaka 2016. Unanunua mara moja, unacheza kwenye Xbox na kwenye Windows, na ulipoishia huku unaendelea kule. Tatizo ni kwamba si gemu zote zimo.


Tunduma Mpakani

Wakuu naheshimu mawazo yenu, lakini mimi sikubaliani, na naomba mnisikilize.

Nauza na kununua CD za gemu hapa Tunduma. Watu wa Nakonde, upande wa Zambia, wanavuka kuja kubadilishana, watu wa Vwawa na Mbozi wanakuja. CD moja ya PS4 inapita mikono sita, saba. Kijana ananunua, anaicheza mpaka anaichoka, ananiuzia, anaongeza kidogo anachukua nyingine. Kwa mtindo huo mtoto wa mkulima wa kahawa amecheza gemu ambazo asingeweza kununua hata moja zikiwa mpya.

Kwenye kompyuta hiyo haipo. Gemu ya Steam huwezi kumuuzia mtu. Mkiunganisha konsoli na kompyuta, mtaunganisha kwa sheria za kompyuta, CD itakufa, na sisi tutakufa nayo. Tayari tunaona: Xbox Series S haina sehemu ya CD, PS5 ya dijitali haina, na PS5 Pro ya Novemba 2024 imetoka bila sehemu hiyo, mpaka ununue kifaa chake pembeni.

Jambo la pili, jukwaa moja maana yake mwenye jukwaa ni mmoja. Leo Sony akipandisha bei unamkimbilia mwingine. Na wameshapandisha: Agosti 2022 kwenye nchi nyingi, Agosti 2025 Marekani. Akibaki mmoja utamkimbilia nani?


Fundi Padi, Mwanjelwa

Kaka wa Tunduma, nimekaa na hoja yako tangu asubuhi. Sikutaka kukujibu haraka kwa sababu una haki, na hizo CD unazozisema nyingine zimefika kwangu, naziona zina alama za kalamu za watu wa Nakonde.

Nianze na hili la mwenye jukwaa mmoja. Wakubwa wenzangu, tukumbuke ilivyokuwa kutuma pesa kwa simu. Mtu wa M-Pesa na mtu wa Tigo Pesa walikuwa kama wanaishi nchi mbili. Wakala pale Kabwe alikuwa na simu nne mezani, na wewe una laini tatu mfukoni, kila moja na salio lake la hapa na pale. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel wakakubaliana pesa ivuke, na 2016 Vodacom wakaingia. Je, tukabaki na kampuni moja? Hapana. Kampuni zilibaki zilezile, zinagombania wateja walewale. Kilichobadilika ni kwamba mama aliyeko Tukuyu anapokea pesa ya mwanawe bila kuuliza ametuma kwa mtandao gani.

Halafu Machi 2017 tukaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Namba ikawa mali ya mtu. Gemu nazo nazitaka hivyo. Siwaombi Sony, Microsoft na Valve wawe kampuni moja, naliogopa hilo kama unavyoliogopa. Naomba gemu iwe kama ile namba: nimeilipia, nikihama mashine nahama nayo.

Tena kuna waliojaribu jukwaa la pamoja mapema, na tunapaswa kujua kwa nini walianguka. Mwaka 1993 kampuni iliyoitwa 3DO ilitoa ramani ya konsoli, ikasema kiwanda chochote kitengeneze, kama ilivyo kwa redio au deki ya video. Panasonic wakatengeneza, GoldStar ambao leo ni LG wakatengeneza. Gemu moja inacheza kwenye zote. Wazo zuri sana. Lakini ya Panasonic iliingia sokoni Marekani kwa karibu dola 700. Miaka miwili baadaye PlayStation ya kwanza ikafika hukohuko kwa dola 299. Kufikia mwaka 1996 3DO ikawa imekwisha.

Kwa nini bei zilipishana vile? Mwenye kiwanda wa 3DO faida yake ilikuwa kwenye mashine, kwa hiyo alilazimika kuiuza ghali. Mwenye konsoli yake anaweza kukuuzia mashine bila faida, hata kwa hasara, kwa sababu kila gemu utakayonunua atakata chake, kwa kawaida asilimia 30. Mwaka 2021 ofisa wa Microsoft alieleza mahakamani Marekani, kwenye kesi ya Epic na Apple, kwamba hawajawahi kupata faida kwenye kuuza mashine za Xbox. Ukuta huu umejengwa kwa hesabu hiyo. Ukiruhusu gemu ya duka jingine ifunguke kwenye PS5, mwenye PS5 amekuuzia mashine kwa bei ya kutupa halafu wewe unalipa kwa jirani.

Ndiyo maana naona njia ni ile ya gemu kuvuka, na kila duka libaki na chake. Mtengenezaji wa gemu akishalipwa na duka likishakata, hakuna aliyeibiwa nikiifungua kwenye mashine ya pili. Play Anywhere imethibitisha hilo ndani ya nyumba moja. Iliyobaki ni kati ya nyumba na nyumba.

Hilo la CD, kaka, hapo sina jibu la kukufariji. CD inakufa kwenye konsoli hata bila kuungana na kompyuta. Ila kama siku moja haki ya gemu itamfuata mtu, basi haki hiyo iwe na uwezo wa kuhamishwa kwa mtu mwingine kama CD. Hili naomba tulishikilie wote. Bila hilo, mtoto wa Mbozi uliyemsema anabaki nje.


Mama Wawili, Njombe

Habari zenu jamani. Mimi si mtu wa gemu, mwanangu wa kidato cha pili ndiye amenionyesha uzi huu. Anataka PS5, baba yake anasema bora kompyuta atasomea. Pesa ni moja. Naomba mnishauri kama mnavyomshauri dada yenu.


Fundi Padi, Mwanjelwa

Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla ya kununua.

Kama pesa ni moja na mtoto anasoma, nunua kompyuta. Ila usinunue ile laptop nyembamba ya ofisini ukidhani itacheza gemu, itamkatisha tamaa na kelele zote zitarudi kwako. Tafuta kompyuta ya mezani iliyotumika, zile za ofisi, yenye RAM ya GB 16, halafu iwekwe kadi ya picha ndogo kama GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Mpeleke fundi mkiwa wote, aiwashe mbele yenu, aichezeshe nusu saa. Padi atatumia yoyote, ya PS4, ya PS5 au ya Xbox, zote zinakubali kwenye kompyuta kwa waya. Hapa kompyuta ina moyo mkubwa kuliko konsoli: gemu za PS5 zinaikataa padi ya PS4, kompyuta haibagui.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawakwambii. Kwenye PlayStation, gemu ya kununua ukitaka kuicheza na watu mtandaoni unalipia PlayStation Plus. Za bure hazihitaji. Kwenye kompyuta hulipii mtandao zaidi ya bando lako.

Na Njombe yenu umeme ukiyumba, weka stebilaiza. Konsoli au kompyuta, zote zinaungua kwa namna moja.


Mwanachuo Iyunga

Kaka Fundi umegusa akaunti, hebu tuliseme wazi. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network (PSN), mtandao wa akaunti za PlayStation. Kila mmoja wetu mwenye PSN hapa amejiandikisha kama mtu wa Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Tunaishi nyumba ya kupanga kwa jina la mtu mwingine.

Mei 2024 tukaonja matokeo yake. Helldivers 2, gemu ya Sony, ilikuwa inauzwa kwenye Steam, watu wameilipia, wanacheza. Sony wakasema kila mchezaji wa kompyuta aunganishe akaunti ya PSN. Nchi zisizo na PSN ni nyingi mno, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi na maeneo 177, yetu ikiwemo. Wachezaji dunia nzima walilalamika mpaka sharti la akaunti likafutwa ndani ya siku chache.

Kwa hiyo nakubali gemu ivuke, lakini nawaogopa watakaosimama mlangoni kukagua. Tukiungana na nyumba isiyotutambua, tutafungiwa nje hata ya ile iliyokuwa inatutambua.


Fundi Padi, Mwanjelwa

Mdogo wangu, hilo sikuliweka kwenye hoja yangu na nilipaswa kuliweka. Nalipokea. Gemu kumfuata mtu hakuna maana kama huyo mtu lazima aseme uongo anakoishi.


Mnyalukolo wa Kihesa

Na wezi je? Nina vijana kibandani kwangu hawataki kabisa kukutana na mtu wa kompyuta, wanasema anatumia programu za kudanganya.


Mwanachuo Iyunga

Wasiwasi wa kweli huo. Kompyuta iko wazi, mtu anaweza kuingiza anachotaka. Ndiyo maana EA walipofungua milango kwenye FIFA 23 waliweka mlinzi kwenye toleo la kompyuta, programu inayokaa ndani kabisa ya Windows kuangalia kinachoendelea. Na hata baada ya kuruhusu mechi, lile soko la ndani ya gemu la kununua wachezaji wa timu yako, la kompyuta wamelitenga na la konsoli.

Ila mlinzi huyo ana gharama. Anakaa kwenye Windows tu. Kwenye Linux hafanyi kazi, kwa hiyo Steam Deck, pamoja na Proton yake yote, inazikosa gemu za namna hiyo.


Fundi Padi, Mwanjelwa

Sasa ile kompyuta yangu. Ni ya ofisi, nimeilalisha chini ya TV, ina kadi ndogo kama niliyomshauri dada wa Njombe. Inawaka na kuingia moja kwa moja kwenye Steam, ile sura ya skrini nzima unayoiendesha kwa padi. Padi mbili za PS4 ziko kwenye waya. Wateja wanaketi, wanachagua timu, wanacheza. Wiki tatu sasa, na mtu mmoja tu ameuliza mbona alama za vitufe zimebadilika.

Shida ilikuwa kuishusha gemu. FC 24 inataka karibu GB 100. Kwa bando la mwezi hiyo ni mauaji. Rafiki yangu mmoja wa Iringa alikuwa nayo kwenye Steam yake, akanakili folda nzima kwenye hard disk ya nje, akaifunga kwenye taulo ndani ya boksi la viatu, akaipakia basi la asubuhi. Jioni nikaipokea stendi, nikaipachika, nikaingia na akaunti yangu niliyonunulia gemu, Steam ikakagua mafaili na kushusha kidogo tu kilichopungua. Na kama kompyuta ziko mbili kwenye Wi-Fi moja, tangu Februari 2023 Steam yenyewe inahamisha gemu kutoka moja kwenda nyingine bila kugusa bando. Kwenye PS4 CD inabeba mzigo huo, tuipe heshima yake.

Kaka wa Kihesa, wewe una PS5 yenye FC 24?


Mnyalukolo wa Kihesa

Ninayo. CD ya PS5 kabisa. Na huyo kaka nimempata, ndiye nilidhani.


Fundi Padi, Mwanjelwa

Basi tufanye hivi. Jumamosi saa kumi na moja jioni mkalishe kwenye PS5 yako. Nitamwita mdogo wake na laptop yake. Wakiwa PS5 na kompyuta wako kundi moja, mwaliko utafika. Ila angalia sana ufungue toleo la PS5. Akija na CD yake ya PS4 ukaiweka humo, PS5 itaicheza, lakini itampeleka kundi la PS4 na tutarudi palepale.


Mnyalukolo wa Kihesa

Imekaa. Atacheza bure, mimi nataka kuona.


Fundi Padi, Mwanjelwa

Mrejesho wakuu, kwa walioniuliza kwenye ujumbe.

Dogo amefika saa kumi na nusu, padi kwenye soksi. Mvua imepiga bati mpaka tukawa hatusikii spika ya simu, akaiweka sikioni kwa bega. Mwaliko wa kwanza haukufika kwa sababu upande wa Iringa mipangilio ya kuvuka mashine ilikuwa imezimwa. Kaka wa Kihesa akaiwasha. Wa pili ukafika. Nimeona jina la kaka yake limetokea kwenye skrini na alama ya PlayStation pembeni, kijana amelitazama kama sekunde tano kabla ya kubonyeza kukubali.

Wamecheza mechi tatu. Kaka kashinda mbili. Ya tatu ilikuwa 3 kwa 2 hadi dakika ya 88, umeme ukayumba Kihesa, mashine ikazima. Wamekubaliana waimalizie Jumamosi ijayo, na watu wawili zaidi wa Iringa wameomba nafasi. Wa PS4 nimewaambia ukweli kwamba hawataweza kuingia.